Gesi ya taka za jikoni: namna ya kuivuna bila kudhuru kisima, hewa wala bahari

Napika mahamri na mbaazi za kuuza hapa Lamu, mtaa wa Wiyoni. Huu ni mwaka wa sita jiko langu la alfajiri linawaka kwa gesi itokayo kwenye kinyesi cha punda, machicha ya nazi na masazo ya jikoni. Wanaokuja kuutazama mtambo huniuliza maswali mawili: gesi yatosha, na uligharimu kiasi gani. Bado sijaulizwa lile ninaloliona kubwa kuliko yote mawili, kwamba mtambo huu ukiendeshwa ovyo huchafua kuliko taka zenyewe zingechafua kama zingeachwa zilipo.

Nieleze kwanza hilo, maana kila hatua inayofuata imesimama juu yake.

Kinyesi cha punda kikianguka pale Langoni, jua likakipiga, hukauka kwa siku mbili tatu na kuvurugwa na miguu ya watu. Kinaoza penye hewa. Vijidudu vinavyotengeneza methani, ile gesi inayowaka jikoni, haviwezi kuishi penye hewa, kwa hivyo methani inayotoka hapo ni kidogo sana. Mimi ninapokizoa, nikakichanganya na maji, nikakifungia mahali pasipopenya hewa, natengeneza gesi ambayo isingekuwako. Na methani si gesi ya kuchezea. Kilo moja ikiachiwa angani hupasha dunia joto kama mara 27 ya kilo moja ya hewa ukaa ukihesabu kwa miaka 100, na kama mara 80 ukihesabu kwa miaka 20. Nikiichoma inageuka mvuke na hewa ukaa, na hewa ukaa hiyo ilitoka kwenye majani aliyokula punda, itarudi kwenye majani mengine. Kwa hivyo faida yote iko kwenye kuichoma. Ikivuja, hakuna faida.

Mfuko wangu hutoa kama mita moja na nusu ya ujazo ya gesi kwa siku. Asilimia 60 hivi ni methani, yaani karibu kilo 0.6. Ukipiga hesabu, siku ambayo gesi yote hiyo imevuja ni sawa na kuachia angani kilo 16 za hewa ukaa, kutoka uani kwa mwanamke mmoja muuza mahamri.

Mtambo wenyewe na chakula chake

Mtambo wangu ni mfuko mrefu wa plastiki nzito, umelazwa ndani ya handaki chini ya banda la makuti ili jua lisiule. Unabeba mita 6 za ujazo za uji, yaani kinyesi na masazo yaliyochanganywa na maji, na juu yake gesi hukusanyika mpaka mfuko unavimba kama mgongo wa nguru. Upande mmoja kuna bomba la kulishia, upande wa pili uji uliokwisha kuoza unatoka wenyewe kila unapolisha. Joto la kisiwani latosha, vijidudu hivi hupenda nyuzi 30 hadi 38, sisi hatuhitaji kupasha chochote.

Kuanza, nililazimika kuagiza magunia ya kinyesi kibichi cha ng'ombe kutoka bara, yakavushwa kwa mashua kutoka Mokowe. Usianze na cha punda peke yake. Tumbo la ng'ombe limejaa vijidudu tunavyovitaka, la punda lina vichache, na kinyesi chake kina nyuzi nyingi zinazoelea juu na kufanya utando. Baada ya wiki nne hivi gesi ilianza kushika moto, ndipo nikaanza kuongeza cha punda kidogo kidogo.

Sasa kila siku nalisha kilo 25 za kinyesi cha punda, kilo 10 za masazo, na maji madebe mawili. Kinyesi huletwa na kijana mwenye punda watano wanaobeba mchanga na mawe ya ujenzi. Siku ya kwanza aliniuliza, "Mama, mavi nayo yana bei siku hizi?" Nikamwambia, "Yana thamani, mwanangu. Wewe lete, chai na mahamri yako yako hapa." Mpaka leo ndivyo tunavyolipana.

Maji yawe baridi, yaani yasiyo ya chumvi. Visima vyetu vingi vina chumvi, na chumvi nyingi huwalemaza vijidudu; ya bahari usijaribu kabisa. Mimi hutumia maji niliyooshea mchele na mbaazi, na wakati wa mvua hukinga ya bati. Maji ya kufulia yenye sabuni na dawa ya kung'arisha nguo yasiingie humo.

Machicha ya nazi ni chakula kizuri mno. Baada ya kukuna na kukamua tui la mbaazi, nabaki na bakuli kubwa la machicha kila siku, na nikiyatia naona mfuko umevimba zaidi kufika adhuhuri. Lakini kwanza hupitia kwa kuku. Chakula kinacholiwa na kuku au mbuzi kiliwe. Kugeuza chakula kuwa moto ilhali kuna kinywa kinachokitaka ni hasara. Mtamboni kwangu huenda kilichochacha, maganda ya viazi na ndizi, matumbo ya samaki kidogo, majani ya chai. Maganda ya ndimu na machungwa nayaweka kando, mafuta yake huua vijidudu. Mifupa, vifuu na makumbi haviozi humo. Vifuu navichoma, ni kuni nzuri.

Na plastiki. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza, na mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017. Bado kwenye ndoo za masazo ninazoletewa nakuta vifuko vya maziwa, vifuniko vya chupa, betri za tochi. Plastiki huziba bomba, lakini betri ndiyo mbaya zaidi kwa sababu madini yake hayaozi, hutoka na uji, yakaingia shambani, yakaingia kwenye mchicha. Ndoo yenye betri naimwaga yote, sitoi betri na kulisha kilichobaki. Aliyeniletea namrudishia ndoo tupu na kumweleza, na kwa kawaida harudii. Kuna faida nyingine niliyoiona mwenyewe: nyumba zinazotenga taka hazitupi tena masazo ndani ya mifuko, na punda wa jirani hawapekui majaani na kumeza plastiki inayowapa msokoto wa tumbo.

Usilishe kwa pupa

Kulikuwa na harusi mtaani, nikaletewa sufuria mbili za wali uliochacha. Nikaona neema, nikaumwaga wote. Siku ya tatu jiko lilikataa kuwaka. Mfuko ulikuwa umevimba kweli, lakini kiberiti kilizimika mbele ya tundu la jiko kama kimepulizwa. Nilipochota uji kwenye shimo la kutokea, ulinuka siki.

Wanga mwingi huchachuka upesi kuwa asidi, na vijidudu vya methani huchukia asidi. Wakilala wao, mfuko hujaa hewa ukaa tu, ambayo haiwaki. Nilikaa karibu wiki tatu nikipikia makaa. Nilisitisha kulisha, nikatia majivu ya kuni kidogo kidogo na ndoo za kinyesi kibichi cha ng'ombe, nikangoja. Sasa nina karatasi za kupimia asidi, zile za maabara za shule: nataka zisome kati ya 6.8 na 7.5. Masazo hayazidi theluthi moja ya ninacholisha, hata ikija harusi ya mtaa mzima.

Kutafuta mvujo

Hapa ndipo naomba usiwe na haraka.

Aliyenijengea mtambo, simtaji, alinihakikishia kila kiungo kiko sawa, akachukua salio lake akaondoka. Kwa miezi kadhaa gesi ilinitosha nusu ya asubuhi tu, nikadhani ndiyo kawaida ya gesi ya punda. Nilipompigia alisema nilishe zaidi. Nikalisha zaidi. Kumbe kiungo cha bomba chini ya mchanga, pale linapopita ukuta, hakikubanwa. Nusu ya methani yangu, pengine zaidi, ilikuwa ikipanda mbinguni usiku na mchana. Jambo lile linaniuma mpaka leo, si kwa ajili ya makaa niliyonunua, bali kwa sababu nilikuwa nikiwaambia watu jiko langu ni safi.

Aliyenifundisha kuugundua ni mwashi mmoja aliyekuja kurekebisha dari. Mafundi wa ujenzi wana ule mpira mwembamba unaoonyesha, wanautia maji kusawazishia kuta. Alikata kama mita moja, akaukunja kama herufi U, akaufunga ukutani karibu na jiko, akatia maji yaliyochanganywa na rangi ya chakula mpaka nusu, na ncha moja akaiunga kwenye bomba la gesi. Gesi inasukuma maji, upande mmoja yanashuka, wa pili yanapanda, na tofauti ya sentimita ndiyo nguvu ya gesi yako. Kwangu ni sentimita 6 hadi 10.

Kupima bomba: funga vali ya kwenye mfuko, funga na ya jikoni, weka alama ya kalamu ukutani maji yaliposimama, kaa nusu saa. Yakibaki palepale, bomba ni zima. Yakishuka, gesi imepata njia. Siku ile, kwangu, yalirudi sawa kabla sijamaliza kukunja chapati. Ndipo chukua povu la sabuni na brashi, paka kila kiungo, tazama panapotoa mapovu. Usitafute kwa kiberiti. Nimemwona mtu mzima akifanya hivyo na nikampokonya.

Kupima mfuko wenyewe: zungushia kamba kwenye mgongo wake jioni baada ya kupika, tia fundo, funga vali. Alfajiri kamba iwe imekaza zaidi, kwa kuwa gesi haiachi kutengenezwa usiku. Ikilegea, paka povu kwenye mishono. Mimi hupima bomba kila mwezi na mfuko kila baada ya miezi mitatu, na kila panya anapoonekana bandani.

Kuna mvujo mwingine tunaoufanya wenyewe kwa mikono yetu: gesi ikizidi, mtu hufungua vali akaiachia. Mwezi wa Ramadhani ulinifunza hili. Mchana hakuna kupika, mfuko unavimba mpaka alasiri unataka kupasuka, kisha jioni kila kitu kinahitaji moto kwa pamoja. Sasa wiki moja kabla ya mwezi napunguza masazo, na mchana mfuko ukijaa nachemsha mbaazi na maharagwe ya futari mapema, nayafunika. Kama hakuna cha kupika, washa jiko liwake bure. Moto uwakao bure ni afadhali mara nyingi kuliko methani iliyoachiwa.

Harufu ya yai viza

Gesi hii ina kiasi kidogo cha haidrojeni salfaidi, ndiyo inayonuka yai viza. Matumbo ya samaki na maganda ya kamba huiongeza, ndiyo maana nikasema kidogo. Inakula chuma cha jiko, na ikiungua hutoa moshi unaochoma koo. Mimi nimeweka kwenye bomba kipande kipana kilichojazwa sufi ya chuma ya kusugulia sufuria, iliyoachwa kwanza ipate kutu. Kutu ndiyo inayoinasa. Ikigeuka nyeusi naitoa, naianika ipate hewa, naitumia tena mara mbili tatu.

Kwa kiasi kikubwa gesi hiyo huua, na hila yake ni kwamba ikizidi pua hufa ganzi, mtu huacha kuisikia akadhani imeondoka. Kwa hivyo asiingie mtu ndani ya shimo la kutokea uji, wala ndani ya mtambo wa kujengwa kwa saruji, hata kama aliyeko ndani ameanguka na anamwita. Vuta kwa kamba ukiwa nje. Jikoni pia weka dirisha la juu, karibu na dari, methani ni nyepesi na hupanda.

Jirani yangu alisita kununua mahamri alipojua moto unatoka wapi. Nilimkaribisha jikoni, nikawasha, nikamwambia, "Bibi, nusa." Moto wa buluu, hauna harufu, hauna masizi. Alikaa hapo akanisaidia kukata unga. Kwa kweli kama kuna jambo nililopata bila shaka yoyote, ni kifua. Miaka ya kuni za mikoko na makaa nilikohoa kila kaskazi. Na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kaunti hii yetu; kila mzigo wa kuni za mikoko tusiochoma ni miti iliyobaki kwenye tope ikilea kamba na samaki.

Uji unaotoka

Watu husahau kwamba kinachoingia karibu chote hutoka. Madebe manne niliyotia leo, manne hivi yatatoka. Gesi ni sehemu ndogo tu ya uzito.

Uji huu ni mbolea kali. Naitrojeni yake imekwisha kulainika, mmea unaimeza haraka, na maji pia yanaibeba haraka. Lamu tunaishi juu ya mchanga, na maji ya mji yanatoka visima vya vilima vya mchanga vya Shela. Mchanga hauzuii kitu. Ukimwaga uji huu karibu na kisima, watoto wako watakuja kuunywa. Ukiuelekeza kwenye mfereji wa mtaani utafika baharini, na huko naitrojeni hulisha mwani ukatanda juu ya matumbawe na nyasi za baharini.

Ninachofanya: shimo la kutokea limesakafiwa saruji na limefunikwa. Lifunikwe, kwa sababu uji ule bado unatoa methani kidogo na amonia. Ndiyo sababu pia silishi mpaka mfuko ufurike; kinachokaa ndani siku 70 au zaidi kimekwisha kutoa karibu gesi yake yote, kilichokaa siku 20 tu kinakwenda kuimaliza nje. Kutoka kisimani kwangu mpaka shimoni ni zaidi ya mita 30, kile kipimo wanachopewa watu wa vyoo vya shimo, na mimi naona kwa mchanga wetu ukiweza kuzidisha uzidishe. Nauchanganya uji na maji sawa kwa sawa, naumimina kwenye vifereji kuzunguka minazi na miembe, nafukia mara moja. Kwenye mchicha naupitisha mizizini, si juu ya majani, na wiki tatu kabla ya kuvuna nasimamisha. Joto la mfuko wangu haliui mayai yote ya minyoo. Choo cha watu sijakiunga na sitakiunga.

Masika, Aprili mpaka Juni, siumwagi kabisa shambani. Mvua ya Mei ingeupeleka wote chini. Nauhifadhi kwenye mapipa yenye vifuniko, na kilichozidi nakichanganya na majani makavu na makumbi yaliyopondwa kikawa mboji.

Na jiji je?

Mpwa wangu yuko Nairobi, aliniuliza kwa nini jiji lisifanye hivi. Nairobi huzalisha zaidi ya tani 2,000 za taka kwa siku, na zaidi ya nusu ni za kuoza. Jaa la Dandora lilianza kutumika 1975, na tangu 2001 lilikwisha kutangazwa kuwa limejaa. Hapo hesabu yangu ya punda inageuka: taka zilizorundikwa kwenda juu, za chini hazipati hewa, zinatoa methani miaka na miaka bila mtu kuichoma. Kwa jiji, kuivuna ni wajibu.

Lakini nilimtaka aulize maswali yaleyale ninayojiuliza uani. Je, ni kuozesha au kuchoma? Addis Ababa walifungua mwaka 2018 kiwanda cha Reppie, cha kuchoma taka kupata umeme. Masazo ya chakula ni maji kwa sehemu kubwa, robo tatu au zaidi. Kuyachoma ni kutumia moto kukausha maji, na plastiki ikiungua pamoja nayo moshi unahitaji kuchujwa kwa uangalifu mkubwa. Za kuoza zioze, na ili zioze lazima zitengwe nyumbani, si jaani. Halafu uji utakwenda wapi? Tani moja ya masazo hutoa kama mita 100 za ujazo za gesi na huacha zaidi ya kilo 800 za uji. Tani elfu moja kwa siku, piga hesabu mwenyewe, kisha niambie ni mashamba yapi, kwa malori mangapi yanayokunywa dizeli kiasi gani, na wakati wa mvua yatauweka wapi. Nani anapima mvujo, na matokeo yanabandikwa wapi watu wayaone? Na wale wanaookota chupa na vyuma Dandora ili wale, wamepewa kazi ya kutenga au wamefukuzwa?

Watu wa Lamu tunajua kuuliza. Leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa hapa, megawati 1,050, ilifutwa na baraza la kitaifa la kuamua mashauri ya mazingira tarehe 26 Juni 2019, na sababu mojawapo ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kiwanda cha taka nacho kiulizwe hivyohivyo, hata kama jina lake ni zuri.

Kwa anayetaka kuanza nyumbani: nunua mpira wa U, kalamu na brashi kabla hujanunua mfuko, na siku ya kukabidhiwa mtambo usilipe salio mpaka nusu saa ya maji ipite mbele ya macho yako na ya fundi.